Mama Mkoba Anastaafu, na Alhamisi Niliyoifuta

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkunga wetu wa wodi ya wazazi atavua sare yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana majina matatu marefu. Huku wodini, kuanzia daktari bingwa hadi mlinzi wa getini, anaitwa Mama Mkoba, na wapo wafanyakazi wapya waliowahi kumwandikia barua rasmi kwa jina hilo wakidhani ndilo la ukoo.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, chumba cha kujifungulia, na huko akakaa miaka kumi na moja. Alikuwa na mikono myepesi na moyo mgumu, vitu viwili ambavyo mkunga hawezi kukosa kimoja. Kisha, bila kusukumwa na mtu, akaomba ahamishiwe upande wa pili wa korido, kwa akina mama waliokwisha kujifungua. Watu walidhani amegombana na mtu. Kwenye chumba cha kujifungulia ndiko kwenye sifa, ndiko ndugu wanakokuja na maua. Wodi ya wazazi, kwa wengi wetu wakati ule, ilikuwa mahali pa kusubiri usafiri wa kurudi nyumbani. Yeye alisema amechoka kuona wanawake wakishangiliwa saa moja na kusahauliwa wiki sita.

Jina la Mama Mkoba lilizaliwa huko. Wajawazito walikuwa wanafika kliniki, iliyo koridoni hapo hapo, na mikoba iliyofura, wakiiringia. Yeye aliifungua mmoja mmoja mezani: soksi za mtoto, kofia tatu, shali, sabuni ndogo yenye harufu nzuri. Vya mama hakuna, labda kandambili. Hapo aliuliza, kwa upole unaokera: "Vya mtoto nimeviona. Vya mama viko wapi?" Waume walijikuna vichwa. Mmoja wao, dereva wa lori, aliondoka mbio akarudi baada ya saa nzima na soksi nyingine, safari hii za ukubwa wa mama, akazikabidhi kama mtu aliyefaulu mtihani. Tulicheka wiki mbili. Mama Mkoba hakucheka. Alimkalisha yule dereva akamweleza pedi kubwa ni za nini, beseni la kukalia maji ya uvuguvugu ni la nini, na kwa nini gauni la kufunguka mbele ni bora kuliko lile jipya alilomnunulia mkewe.

Kutokana na maswali ya akina dereva, alianzisha darasa lake. Halikuwa na chumba. Lilikuwa benchi moja refu koridoni, kila Alhamisi saa nne asubuhi, na mkeka kwa waliokosa nafasi. Aliwafundisha wajawazito kuinuka kitandani baada ya kujifungua, kwa kugeukia ubavu kwanza. Aliwaambia wasinyanyue kitu kizito kuliko mtoto, walale mtoto anapolala, wanywe maji kabla kiu haijawashika. Aliwaonyesha jinsi ya kuosha mshono na jinsi ya kubana na kulegeza misuli ya chini mtu akiwa ameketi tu, hata foleni ya benki. Alizungumza pia juu ya huzuni inayomvamia mama bila sababu, na alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja homa. Kubwa kuliko yote, aliwafundisha damu: ipi ni ya kawaida, inapungua vipi siku hadi siku, na ipi inakupasa uache kila kitu urudi hospitali.

Ninayeandika haya ni muuguzi mkuu wa hospitali hii, na nimekuwa bosi wake kwa miaka kumi na sita. Kwa hiyo sehemu inayofuata naijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Miaka kumi na mitano iliyopita Mama Mkoba aliniandikia barua kuomba chumba namba tisa. Ndani yake tulikuwa tumerundika vitanda vilivyovunjika miguu, friji bovu na maboksi ya fomu zilizopitwa na wakati. Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa nafasi ikipatikana. Mwaka uliofuata akaandika tena, nami nikatafuta nakala ya jibu la kwanza, nikabadilisha tarehe. Mara ya tatu alikuja mwenyewe ofisini. Nilimwambia, nikiwa naendelea kusaini karatasi, kwamba mambo ya mama kupona ni ya mama zao na shangazi zao nyumbani, na kwamba wanawake wamekuwa wakizaa tangu dunia iwe dunia. Alinitazama, akasema "Sawa, Matroni," akarudi kwenye benchi lake. Hakuuliza tena. Mimi nilijiona nimemaliza jambo.

Nikiri kwamba kulikuwa na sababu nyingine. Wakubwa wangu walikuwa wakiniuliza wanawake wangapi wamejifungua salama. Hakuna aliyewahi kuniuliza walikuwaje baada ya kuvuka geti. Nilijibu nilichoulizwa, nikajipa alama zote.

Miaka sita tangu barua ya kwanza ikapita hivyo. Kisha ikaja Alhamisi ambayo wageni wa ukaguzi walikuwa wanatarajiwa. Nilitaka koridoni pasionekane msongamano. Niliagiza benchi lihamishwe, mkeka ukunjwe, na wajawazito waambiwe mlangoni warudi wiki ijayo. Mama Mkoba aliniomba awapeleke hata uani, chini ya paa la kufulia. Nilikataa, maana wageni wangepita na huko. Wageni wenyewe walifika saa nane, wakanywa chai ofisini, hawakufika koridoni.

Miongoni mwa waliorudishwa mlangoni alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na sita, mimba ya kwanza. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni kwa ajili ya somo hilo. Wiki iliyofuata hakuipata tena, kwa sababu ya mitihani ya watoto. Wiki ya tatu akajifungua kwetu mtoto wa kiume mwenye afya, na kesho yake akaruhusiwa. Siku hiyo wodi ilikuwa imejaa, Mama Mkoba alikuwa na wagonjwa wawili mahututi, na mwalimu aliondoka na karatasi ya chanjo za mtoto tu.

Siku ya kumi damu iliyokuwa imepungua ilirudi nyekundu na nyingi. Mama mkwe, aliyempenda sana na aliyekuwa amehamia pale kumsaidia, alimwambia ni mwili unajisafisha. Mume alileta vitambaa safi, kisha vingine. Mwalimu aliendelea kufua nguo za mtoto, maana alijisikia aibu kulala mchana mama mkwe akiwa jikoni. Hakuna aliyefanya uzembe kati yao. Walifanya walichokijua. Siku ya pili yake adhuhuri alianguka mlangoni mwa jikoni, ndipo wakamleta, amepauka kama karatasi.

Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Daktari alipambana saa tatu. Aliokoa uhai wake, lakini kizazi kilibidi kitolewe.

Alipopata nguvu ya kuzungumza tulikuwa watu wawili kando ya kitanda chake, Mama Mkoba na mimi. Hakulia. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kuelewa mahali palipokosewa.

"Kumbe haikuwa kawaida? Nilikuja ile Alhamisi kusikiliza, nikaambiwa nirudi siku nyingine."

Nilisubiri Mama Mkoba aseme ni nani aliyetoa amri ile. Alikuwa na haki ya kusema, na ningestahili. Yeye alimshika mkono akamwambia, "Pole, mwanangu. Ilikuwa kazi yetu kukuambia, na hatukukuambia."

Alisema "yetu." Wala hakugeuka kunitazama. Nimewahi kufokewa na wakubwa mbele ya watu, na nimewahi kushtakiwa kwenye kamati. Hakuna kilichonishusha kama lile neno moja.

Kesho yake asubuhi nilivaa glovu na kuingia chumba namba tisa pamoja na wafagizi wawili. Hadi jioni kilikuwa kitupu. Ilichukua siku moja tu, kazi ambayo kwa miaka sita nilikuwa naisubiria nafasi.

Miaka tisa iliyofuata ndiyo mnayoifahamu wengi wenu. Chumba kilipata viti, kitanda cha mazoezi na pazia la kijani ambalo Mama Mkoba alilishona mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliweka sharti kwamba kila mjamzito aje na mtu mmoja atakayekuwa naye nyumbani, awe mume, dada, mama au jirani. Mama wakwe ndio walikuwa kibarua. Mmoja alikuja akiwa ameapa kumkatalia kila neno, akaketi mbele kabisa amekunja mikono. Kwenye somo la mshono alianza kutikisa kichwa, kwenye somo la huzuni akaanza kujifuta macho, na mwisho akasema kwamba laiti angeambiwa haya alipomzaa huyo mwanawe. Alirudi Alhamisi tatu mfululizo, mbili za mwisho bila mkwe.

Kuna fundi viatu mmoja ambaye darasani alisinzia mara mbili, na Mama Mkoba alimwamsha kwa kumpa ndoo ya maji aishike hadi mwisho wa somo, ili ajue uzito ambao mkewe hapaswi kuubeba. Siku ya nane baada ya mkewe kujifungua, saa tano asubuhi, aliingia mapokezi amemshika mkewe mkono, akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri: "Pedi mbili zimelowa ndani ya saa moja. Mlisema nisingoje." Lilikuwa tatizo lile lile la mwalimu. Mke wa fundi alisafishwa, akaongezewa maji, akalala siku mbili, akarudi nyumbani na kizazi chake. Wafanyakazi walimpigia makofi fundi. Mama Mkoba alikwenda stoo akafunga mlango, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sote wawili tulijua alikuwa anamfikiria nani.

Mwezi uliopita niliandika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, nikampelekea ahakiki tarehe. Ilikuwa nzuri, imejaa sifa. Kuhusu chumba namba tisa nilikuwa nimeandika kwamba kilifunguliwa kwa ushirikiano wa uongozi na wodi. Aliisoma yote kwa utulivu, akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Hapa umejisahau, Matroni."

Basi nikamwomba msamaha, jambo ambalo kwa miaka tisa nilikuwa nalipiga chenga kwa kumletea viti na makabati. Nilitarajia aseme yamepita. Hakusema hivyo. Alisema alinikasirikia miaka mingi, na kwamba hasira hiyo imekwisha, lakini majuto yake mwenyewe hayajaisha. "Ningeweza kusimama na wale wajawazito nje ya geti barabarani, wala usingenifanya kitu," aliniambia. "Nilikunja mkeka kwa sababu nilikuwa nimechoka kukuomba. Na yule mwalimu ndiye aliyelipia uchovu wangu." Kisha akanitaka niandike mambo kama yalivyokuwa, ili watakaobaki wajue kwamba chumba hiki hakikupatikana kwa hekima ya mtu.

Mhariri wa jarida letu la hospitali ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo.

Mwalimu bado anafundisha. Mwanawe ana miaka tisa, mtoto wa pekee, ingawa yeye na mumewe walikuwa wamepanga wanne. Mama Mkoba humtembelea kila likizo ya shule. Mimi nilikwenda mara moja, nikapokewa kwa heshima na kupewa kiti, na nikaelewa kwamba heshima ndiyo yote atakayonipa. Tulimwalika kwenye hafla ya kumuaga Mama Mkoba. Alituma ujumbe kwamba hawezi kuingia tena kwenye lile korido, na kwamba atamwandalia chakula nyumbani kwake siku atakayoichagua. Hakuniulizia, nami sikustahili kuuliziwa.

Mama Mkoba, dada yetu, kwa niaba ya wodi na hospitali nzima nakushukuru kwa akina mama waliofika nyumbani wakijua miili yao inahitaji nini, na kwa ndugu zao waliojua kuwatunza. Samahani kwa miaka sita ya mistari miwili. Ungefanya mengi zaidi, na ungeyafanya mapema zaidi, kama mtu mmoja angeinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli, na asubuhi ambazo hakuna anayekuhitaji. Darasa litaendelea. Alhamisi ya kwanza ya Julai, saa nne kamili, mwalimu wake ni mimi. Niliiomba kazi hiyo mwenyewe, kwa barua, na safari hii nilisubiri jibu lako. Ulinijibu kwa mstari mmoja: "Fika mapema, wenzio wanatoka mbali."