Nilivyoshuka Mawe Siku ya Vesak

Ndugu zangu, niruhusuni niongee nimekaa. Kusimama naweza, ila nikisimama mtaangalia magongo badala ya kunisikiliza.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kule juu kwenye mawe, hapa hapa Ilemela. Pikipiki ilinigonga nikitoka kununua nyuzi, mguu ukakatwa juu ya goti. Hospitali walinitibu vizuri, wakanipa magongo. Shida ilikuwa kurudi nyumbani. Ninyi wa tambarare hamjui: kwetu hakuna njia, ni mawe tu, unakanyaga hili unashika lile. Magongo pale ni ya nini?

Mwanzoni vijana walinibeba kwenye kiti. Siku moja mmoja akateleza, nikabingirika, gauni likapanda mpaka kifuani mbele za watu. Wapo waliokimbia kunisaidia, wapo waliocheka. Nawaambia ukweli, mimi niliwasikia waliocheka tu. Nikamwambia binti yangu, "Sishuki tena mpaka mnishushe na jeneza."

Nikakaa. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Mlangoni naliona ziwa lote, mitumbwi inakwenda visiwani, halafu nageuka naangalia ukuta. Jumapili nikisikia kwaya yenu ya hapa kanisani nafunga dirisha. Binti akienda sokoni namchukia kwa sababu ana miguu. Mwanangu wa kumzaa!

Sasa, chini ya kilima anakaa mama mmoja kutoka Sri Lanka, amenizidi umri, mumewe ni fundi mitambo. Ni Wabudha. Kila mwaka, mwezi mpevu wa Mei, wana siku yao kubwa, Vesak, ya kukumbuka kuzaliwa kwa Buddha. Wanavaa nyeupe, wanatundika taa za karatasi, wanapika wali na dengu na kumgawia yeyote anayepita. Mtaa mzima unakula. Mwaka huo alipanda mwenyewe mpaka kwangu, anahema, na kitambaa cheupe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nishonee gauni la sikukuu."

Nikashona. Siku yenyewe, mchana, akaja, akalivaa pale pale, akasema, "Haya, twende."

"Siwezi, mama. Mawe."

"Unaogopa mawe, au watu?"

Nikasema, "Watu."

"Basi usibebwe. Shuka umekaa."

"Kwa makalio? Kama mtoto? Na wageni wako wote wanaangalia?"

Akatoka nje, akaketi juu ya jiwe na lile gauni jipya, akajisukuma, akashukia jiwe la chini yake.

Ndugu zangu, gauni lile nililishona mimi! Nikaona udongo unaingia kwenye nyeupe, nikapiga kelele, "Mama, gauni!" Akashuka lingine. Nikajikuta na mimi nimeketi kwenye jiwe, najisukuma. Nalia, binti yangu mbele amebeba magongo. Chini watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akacheka.

Nikaganda. Nikataka kurudi. Yule mama akajitazama alivyochafuka, akacheka naye, akasema, "Kweli tunachekesha." Basi, nikacheka.

Tulipofika chini wakanipa kiti karibu na masufuria. Nilikula wali ule nikilia, na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Najua wengine mnasema moyoni, Mkristo alifuata nini kwa Wabudha? Hata mzee wetu wa kanisa aliniuliza. Nilimjibu kwamba jirani aliniita kula, nikaenda. Na Jumapili iliyofuata nilishuka vile vile nikaja hapa kusali.

Sisemi yameisha. Mawe bado yapo. Mvua ikinyesha yanateleza, sishuki, na siku hizo chumba changu bado kinanibana.

Namshukuru binti yangu, niliyemtesa kwa ulimi wangu. Nawashukuru vijana, hata aliyeteleza, maana hakukusudia. Namshukuru yule mama, ingawa hayupo hapa.

Ninalowaachia ni hili. Mtaani kwenu yupo mtu ambaye hatoki. Mnamsalimia kwa kupaza sauti mkiwa barabarani, "Hujambo huko?" Naye anaitikia, "Sijambo." Anawadanganya. Pandeni mkamwone.