Ephraimu Melkizedeki na Zumu Aliyoikataa

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, alizaliwa hapa hapa Nkoaranga tarehe 3 Machi 1949. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Melkizedeki na wa Mama Ephraimu, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Dada yake Anande, aliyeandika karatasi hii na anayeisoma, alimpenda sana. Pia amemkasirikia kwa miaka minne, na hasira hiyo haijaisha. Hatadanganya mbele ya jeneza.

Marehemu alisoma hapa Nkoaranga tangu 1957 hadi alipomaliza darasa la nane, 1964. Walimu walimsifu kwa hesabu wakamchapa kwa ubishi. Mwaka 1967 alishuka mjini kujifunza kupiga picha kwa fundi mmoja wa Kihindi, ambaye baadaye alimwachia lenzi tatu: ya milimita ishirini na nane, ya hamsini, na ya mia thelathini na tano. Hakuna hata moja ya kuzungusha ili kuvuta mtu karibu. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamfuata alipo. Ukitaka ukoo mzima, unarudi nyuma mpaka migombani.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Agnela, binti wa Kibosho, na Mungu akawajalia watoto watatu. Agnela anasema bwana harusi alichelewa madhabahuni kwa sababu alikuwa akimwelekeza mpiga picha mahali pa kusimama.

Mwaka 1988 alifungua studio Kaloleni pamoja na rafiki yake Jamaldini. Serikali ilikuwa imelegeza biashara, filamu hazikutafutwa tena kwa kujuana. Mwaka 1993 Jamaldini akaleta kutoka Nairobi lenzi ya zumu: unaizungusha kwa mkono, mtu aliye mbali anakuja.

"Ephraimu bwana, dunia imefunguka," alimwambia. "Mkoba mzima wa nini? Hii moja inafanya kazi ya zote tatu."

Marehemu aliijaribu mlangoni, akairudisha. "Kanisani kwenye giza hii haioni kama yangu. Halafu miguu ninayo."

Anande alisema naye weee, ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Mwaka 1994, kwenye harusi moja Olasiti, maharusi walikata ndafu wakati yeye bado anabadilisha lenzi. Akapaza sauti, "Jamani, samahani, turudie!" Turudie nini, na mshenga paja analo mdomoni? Paja lilirudishwa, likashikizwa kwa vijiti vya mishikaki, mbuzi akakatwa mara ya pili. Anande, aliyekaa meza ya mbele, alitamani ardhi ipasuke.

Lakini hayo ni madogo. Kilichomuuma Anande ni kwamba mama yao hakuwa na picha hata moja. Siku moja zamani, akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, watalii walimpiga picha kutoka mbali, bila hata salamu. Tangu siku hiyo akiona kamera hujifunika uso kwa kanga.

"Kaka, azima zumu ya Jamaldini," Anande alimsihi. "Simama kule kwenye kahawa, mama akichambua maharage hatajua. Mama anazeeka!"

"Nimnyemelee mama yangu kama tembo wa mbugani?" alijibu. "Uso atanipa mwenyewe."

"Lini?"

"Siku akitaka."

Basi kila Jumapili alipanda huku na lenzi yake ya hamsini, akaketi bega kwa bega na mama, wakanywa chai. Akiinua kamera, kanga nayo inapanda. Wanacheka. Anarudi Kaloleni mikono mitupu. Miaka minne, jamani! Anande alilia kwa hasira, akamwambia kaka yake kwamba mama atakufa hana hata picha ya kuweka ukutani.

Kumbe aliyekuwa anaondoka ni yeye. Alianza kuugua figo Novemba 1996, akalazwa hapa Hospitali ya Nkoaranga mwezi Mei. Wauguzi tunawashukuru kwa moyo wote. Jumapili ya mwisho hakuweza kuinua kamera. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Na picha hatukuipata.

Alhamisi, kwenye kikao cha mazishi, Mama Ephraimu aliuliza kamera ya mwanawe iko wapi. Anande akajibu kwa ukali, Mungu amsamehe, kwamba sasa ni ya nini.

"Nilikuwa namchelewesha," mama akasema. "Angeipata picha, kila Jumapili angefuata nini huku? Basi Jumamosi mnipige. Sitajifunika. Ila mje karibu, kama yeye."

Anande hajui tena amkasirikie nani.

Marehemu ameacha mjane, Agnela, watoto watatu, mama yake mzazi, dada yake Anande, na Jamaldini, ambaye kwetu ni ndugu. Bwana Jamaldini, zumu ibaki mkobani leo. Ile ya hamsini anayo Agnela. Ichukue, usogee mpaka pale alipoketi mama.

Naye kaka yetu, aliyejua kungoja kuliko sisi sote, apumzike kwa amani.