Bi. Wayua Maundu, Aliyekataa Chumba cha Uchapishaji Kifungwe

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2008, Bi. Wayua Maundu atastaafu rasmi baada ya kuihudumia Shule ya Upili ya Wasichana ya Ivumbuni kwa takriban miaka thelathini. Aliajiriwa Januari 1979 kama mpiga chapa, na anaondoka akiwa msimamizi wa chumba cha uchapishaji, kile chumba kidogo kilicho kati ya ofisi ya Mwalimu Mkuu na stoo ya chakula. Tangu mwaka huo, hakuna mtihani wa shule hii ambao haukupitia mikononi mwake. Baadhi ya walimu wanaosoma jarida hili, wakiwemo wawili wa idara ya Hesabu, waliifanya mitihani hiyo wakiwa wanafunzi hapa, na hadi leo wanamwamkia kwa heshima inayokaribia woga.

Alianza na taipureta na ile mashine ya kurudufu iliyozungushwa kwa mkono. Wazee wetu wa zamu ya kwanza wanakumbuka jinsi alivyotoka chumbani jioni akiwa na wino hadi kwenye viwiko, akatembea hivyo hivyo hadi nyumbani Mumbuni bila kumwonea mtu haya. Mwalimu aliyeleta maswali yaliyoandikwa ovyo hakupona. "Mwalimu, hii umeandika ama kuku imepita juu yake?" ndilo lililokuwa swali lake, na idara ya Kiswahili, ambayo ndiyo ya mwandishi wa makala haya, imeulizwa mara nyingi kuliko idara nyingine yoyote.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika popote na hakuna aliyeivunja: wakati mtihani unachapwa, mlango hufungwa, na hakuna anayeingia, awe nani. Siku moja mkaguzi wa elimu alikuja ghafla na kubisha. Bi. Wayua alimfungulia kidogo tu, akampitishia kiti, kisha akafunga tena. Mkaguzi akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta mpaka karatasi ya Jiografia ilipokamilika. Katika miaka yote hiyo hakuna mtihani wetu uliovuja, na tunajua shule ambazo haziwezi kusema hivyo.

Mashine ya kurudufu ilikufa mwaka wa 2002 na vipuri vyake havikupatikana tena. Kwa bahati nzuri, wasichana waliowahi kusoma hapa walikuwa wametuletea kompyuta na printa mbili za wino. Tulishangilia. Hatukujua kwamba printa hizo zingekunywa wino kama ng'ombe aliyetoka safarini. Kila muhula katriji mpya zilinunuliwa Nairobi, na kila muhula mhasibu alitoka mkutanoni akiwa amenuna. Mwishoni mwa muhula wa kwanza wa 2005, Mwalimu Mkuu, Bi. Mbula, alitangaza kwamba muhula wa pili ungekuwa wa mwisho. Baada ya moko ya Julai, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, kazi yote ya kuchapisha ingepelekwa kwa kampuni moja huko Athi River, chumba kiunganishwe na stoo ya mahindi, na Bi. Wayua ahamishiwe bwenini asimamie malazi.

Bi. Wayua alisimama papo hapo mkutanoni. "Mimi si mtu wa kuhesabu blanketi," alisema. "Na mtihani ikitoka nje ya hii geti, hiyo si mtihani tena, ni gazeti." Kisha akaomba apewe huo muhula mmoja aonyeshe kwamba moko inaweza kuchapwa hapa kwa gharama ambayo shule inaimudu. Bi. Mbula, ambaye ni mkali lakini si mtu wa kufunga masikio, alikubali. Moko ikitoka safi, chumba kinabaki. Ikiharibika, mahindi yanaingia.

Hapo ndipo mtandao ulipoingia katika maisha ya mwanamke ambaye hata simu ya mkononi aliishika kwa vidole viwili. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wanaouza wino wa kujazia kwa chupa, kupitia mtandao, na kwamba katriji kuukuu inaweza kujazwa tena kwa sindano. Akashuka mjini hadi kwenye saiba, lile duka la intaneti la Bilan, binti wa mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana sana sokoni, akaketi kando yake na kukataa kuondoka. Bilan alimwonyesha wauzaji wengi. Bi. Wayua aliwapitia mmoja baada ya mwingine jinsi anavyopitia nyanya: huyu hana anwani, huyu picha yake haionyeshi chupa, huyu wateja wake wananung'unika.

Hatimaye alimchagua muuzaji mmoja wa Dubai, na hapo Bilan akapata kazi ambayo hakuitarajia. Bi. Wayua alikataa kabisa kuagiza kabla ya kusalimia. Barua pepe ya kwanza iliuliza habari za nyumbani, hali ya joto, na afya ya wazazi. Mambo ya wino yakaja mwishoni. Bilan alijaribu kumweleza kwamba huko mtu hubonyeza tu na kulipa. "Wewe andika," aliambiwa. "Mtu hajui wewe ni nani, atakuuzia nini?" Bilan akaandika. Siku ya pili muuzaji akajibu kwamba mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho na anaendelea vizuri, na tangu hapo wakawa watu wa kujuana. Bi. Wayua hata aliomba aongezewe kitu cha bure juu ya alichonunua, kama tunavyofanya Machakos yote, akaongezewa sindano. Malipo yalifanywa na binamu ya Bilan aliyeko hukohuko Dubai, na mzigo ukaja pamoja na bidhaa zake nyingine.

Wino ulifika Juni ukiwa salama. Moko ilipokaribia, Bi. Wayua aliziosha katriji kuukuu kwa uangalifu mkubwa, akazijaza, akafunga mlango kama kawaida. Karatasi ya Kemia ilipoanza kutoka ilikuwa na mistari myeupe katikati, mistari ikawa mapengo, na kufikia mchana printa zote mbili zilikuwa zinatema karatasi tupu. Moko ilikuwa inaanza Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Bi. Mbula alikuja akatazama, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. Alisema gari litaondoka Jumamosi asubuhi kupeleka maswali Athi River, na kwamba anasikitika kwa kweli. Tuliokuwa ofisini tulidhani mambo yamekwisha. Tulimhurumia, na wengine wetu tulianza kumpigia hesabu za bwenini.

Yeye alivaa sweta yake akaenda kwa Bilan. Alimwandikia yule muuzaji kila alichofanya tangu alipofungua mzigo, hatua kwa hatua, kuanzia na salamu. Alingoja hapo hapo mpaka saiba ikakaribia kufungwa. Jibu lilipokuja lilikuwa swali tu: je, maji ya kwenu huacha kitu cheupe ndani ya birika?

Msomaji yeyote aliyewahi kunywa chai Ivumbuni anaijua habari hiyo. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sufuria zetu zote za jikoni zina ukoko mweupe kama chokaa, na tumeyanywa miaka mingi hata tumesahau kwamba kuna maji mengine. Maagizo kwenye chupa yalisema katriji ioshwe kwa maji safi, na kwetu maji safi ni yale ya kisima. Ile chumvi ilikuwa imekaukia ndani na kuziba matundu.

Ilikuwa Julai, matangi ya shule yalikuwa makavu, na mvua haikutarajiwa kabla ya Oktoba. Lakini nyumba nyingi za kwetu hazikosi dumu moja la maji ya mvua lililofichwa nyuma ya mlango, la kupikia chai ya wageni. Dumu la Bi. Wayua lilikuwa limetengwa kwa ajili ya wakwe, waliokuwa waje kumposa binti yake wikendi hiyo hiyo. Ijumaa asubuhi alilibeba hadi shuleni. Aliloweka katriji, akazisuuza, akaloweka tena, akazijaza, akafunga mlango. Jumamosi asubuhi dereva alipowasha gari la kwenda Athi River, Bi. Wayua alitoka na karatasi ya Kemia mkononi, maandishi meusi na safi hadi pembeni, akamwonyesha Bi. Mbula pale uani. Bi. Mbula aliisoma yote, mbele na nyuma, kisha akamwambia dereva azime gari. Wakwe walikunywa chai ya maji ya chumvi, na binti akaolewa hata hivyo.

Tangu hapo chumba kimeendelea. Shule tatu za jirani sasa huleta mitihani yao hapa. Muuzaji wa Dubai bado hutuma salamu, na mama yake anaona vizuri.

Sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika Septemba, ikaahirishwa, ikapangwa Oktoba, ikaahirishwa tena. Wengi mliuliza sababu, na ni haki yenu kuijua. Bodi ilitaka kumheshimu Bi. Wayua kwa kukipa chumba jina lake na kubandika kibao mlangoni, lakini haikuwa imepanga kumwajiri mtu wa kuchukua nafasi yake. Alishukuru, kisha akakataa kuagwa. Hakuja kwenye kikao cha maandalizi, hakupima gauni, na alipoitwa mbele ya bodi alisema, "Jina yangu haiwezi kuchapa mtihani. Wekeni mtu." Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Wiki mbili zilizopita bodi ilimwajiri Bi. Nthambi Mutiso kutoka Ndithini, mhazili mwenye cheti na mikono thabiti. Jumanne iliyopita, mtihani wa Kidato cha Pili ulipokuwa unachapwa, Bi. Wayua alirudi kuchukua miwani yake aliyoisahau mezani. Alibisha. Bi. Nthambi alifungua kidogo, akampitishia kiti, akafunga mlango. Bi. Wayua alikaa pale nje, na tulioshuhudia tunasema bila kuficha kwamba alilia, na sisi pia.

Bi. Wayua, asante kwa kila karatasi. Tunakutakia afya, usingizi mnono, na mvua za kujaza madumu yote ya Mumbuni. Chumba kina mtu. Sasa unaweza kwenda.

Mwanzia Kioko, Idara ya Kiswahili