Mazishi ya Ouma Kwenye Runinga Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliokuja leo mkicheka, na asifiwe na sisi ambao kucheka bado kunatushinda.

Mimi ni Mama Ouma. Mnaniita hivyo hata sasa ambapo Ouma hayupo, na nawashukuru kwa hilo. Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani wote tunamwita Dani, yaani Bibi, yeye huniita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa sababu nilizaliwa Rusinga nikaolewa huku Nyatike. Nitasema kwa Kiswahili ili wageni wetu Wakuria walioketi pale nyuma nao wasikie alichonitendea Mungu.

Ndugu zangu, mnajua nilienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Niliwaacha Ouma akimaliza sekondari na dada yake Achieng akiwa bado mdogo. Ouma alikuwa mtoto wa maneno mengi. Kila Sabato alinitumia sauti yake kwa simu. Ananieleza kuku gani ametaga, nani ameimba vibaya kwenye kwaya, baba amekasirikia nini. Nilikuwa nasikiliza nikipiga pasi, nacheka peke yangu mpaka watoto wa yule mama wa Kiarabu niliyemfanyia kazi wananiangalia.

Kitu kimoja hakuniambia. Hakuniambia kwamba akingoja kuingia chuo, alikuwa anashuka na wenzake kwenye mashimo ya dhahabu kule Macalder.

Mvua ilinyesha, shimo likaporomoka. Baba Ouma alinipigia simu. Nilisikia tu anapumua, na kabla hajasema neno nikajua ni mmoja wa watoto wangu. Nikauliza, "Ni yupi?" Ee Mungu! Mama kuuliza swali kama hilo!

Nilimwomba mwajiri aniruhusu niende nikamzike mwanangu. Akaniambia mkataba haujaisha. Nilipiga magoti, akasema pole, kisha akaniambia nguo bado ziko kwenye mashine.

Siku ya mazishi, mtu wa kamera alikuwa anarusha kila kitu mtandaoni, kama matanga yetu yanavyofanywa siku hizi ili walio mbali waone. Nilijifungia chooni na simu yangu. Mtandao ulikuwa mbaya. Picha inaenda, inakwama, kale kaduara kanazunguka katikati, halafu inaenda tena. Nikaona wamebeba jeneza kulitoa mbele ya nyumba. Hapo mlango ukagongwa, nikaitwa kazini. Sikuona Ouma akishushwa. Sikutupa udongo. Nilinawa uso nikaenda kumenya viazi.

Mkataba ulipoisha nikarudi. Ndani ya begi langu kulikuwa na kile kidude cheusi kinachochomekwa nyuma ya runinga ili kivute video kutoka mtandaoni. Nilikuwa nimemnunulia Ouma kabla hajafa, aone mpira nyumbani, asiende kukaa senta, kule madukani, na watu wa kamari. Baba Ouma alikichomeka, akakiunganisha na intaneti ya simu, akanipa rimoti. Alidhani nitaangalia kwaya.

Ndugu zangu, nilitafuta mazishi ya mtoto wangu.

Kwenye skrini kubwa kila kitu kilionekana. Niliona viti vya plastiki, niliona mashemeji zangu, niliona Achieng amevaa gauni la kuazima. Niliangalia mpaka wanapobeba jeneza, hapo nikasimamisha. Kesho yake nikawasha, kile kidude kikakumbuka mahali nilipoachia, kikaniuliza kama nataka kuendelea. Nikasema hapana. Nikaanza mwanzo. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Asubuhi Achieng akienda shule ananiacha pale, jioni akirudi ananikuta pale. Kama sijaona anashushwa, basi moyo wangu ulikuwa unasema bado yuko juu ya ardhi.

Na kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yangu! Unatoka mlango wa jikoni unaliona. Mimi niliacha kutumia mlango wa jikoni.

Halafu runinga ikaanza kuniletea matanga ya watu wengine. Nikimaliza ya Ouma, inanionyesha nyingine chini yake, na nyingine. Mzee wa Siaya. Mwalimu wa Busia. Nikaanza kuwalilia hao wote. Nilijua majina ya wajane nisiowahi kukutana nao, lakini sikujua Achieng yuko darasa gani. Baba Ouma akaanza kula kwa mama yake. Hakugombana nami. Alikuwa anasimama mlangoni kidogo, anasikiliza kile kilio cha runingani, anaenda zake.

Akina mama wa kanisa mlikuja kuniombea. Mungu awabariki. Lakini mkishaondoka, nilikuwa natafuta rimoti chini ya mto.

Sasa sikieni. Mchana mmoja Dani alikuja. Mnajua macho yake yamefunga ukungu, anaona kivuli tu. Alipapasa kochi, akakaa karibu yangu. Runingani watu walikuwa wanalia.

Akauliza, "Nyar Rusinga, hayo ni matanga ya nani?"

"Ya mtu wa Bungoma, Dani."

"Unamjua?"

"Simjui."

Halafu akasema, "Basi weka ya wetu, na mimi nisikie."

Nikaweka. Yeye hakuwa anaona chochote, alikuwa anasikiliza tu, kichwa amekiinamisha. Mwanasiasa mmoja alipohutubu, akauliza, "Huyo ni nani anaongea hivyo?" Nikamwambia ni mheshimiwa. Akasema, "Sikumsikia siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeshika jeneza."

Tukafika pale wanapombeba. Nikasimamisha.

"Mbona imenyamaza?"

"Nimeisimamisha, Dani. Hapa ndipo wanampeleka."

"Iache iende."

"Siwezi."

"Nipe mkono wako," akasema. "Iache iende."

Ndugu zangu, nikampa mkono mmoja, wa pili ukiwa na rimoti. Nikabonyeza. Wakambeba Ouma wangu. Wakafika kaburini. Mchungaji akafungua kitabu. Nikamshika Dani mpaka kucha zangu zikamwingia. Na hapo kamera ikageuka! Magari ya wakubwa wengine yalikuwa yanaingia boma, wakishuka, wakisalimiana, na kamera ikakaa huko. Iliporudi, vijana walikuwa tayari wanashindilia udongo kwa majembe.

Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu. Nilisema, "Hakuna! Dani, hakuna! Haimo! Wamegeuza kamera!"

Dani akaninyang'anya rimoti, akaitupa kwenye kochi lingine. Akasema, "Kama kwenye runinga hakuna, mimi nilikuwepo. Niulize mimi."

Hakungoja niulize. Akaniambia tu.

"Walimshusha polepole, kamba mbili, na baba yake alishika kamba moja, alikataa kumpa mtu. Walimshusha sawa, hakugonga popote. Nikaambiwa nitupe udongo. Nikatupa. Halafu nikainama tena, nikachukua mwingine. Watu wakanivuta, wakadhani nimechanganyikiwa, ni uzee. Nikawaambia niacheni. Nikasema, Ouma, huu ni wa mama yako. Hakukukataa. Amezuiwa. Nikautupa."

Ndugu zangu! Mkono wa mtu mwingine ulikuwa umetupa udongo wangu, na mimi sikujua! Mungu alikuwa ameshaniwekea mtu pale kaburini, asiyeona, aliyeona kwamba nafasi yangu iko wazi!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu nirudi. Akajibu, "Kila nikija, hicho kitu kinaongea. Ningemkatiza mchungaji namna gani?" Nikacheka. Katikati ya machozi, nikacheka, na kucheka kukaniuma kifuani kama kidonda.

Dani akasimama. "Nipeleke," akasema. Tukatoka kwa mlango wa jikoni, mimi nikimshika yeye, yeye akinishika mimi.

Nilitarajia kukuta msitu. Mvua zote hizo, nani angepalilia? Nilikuta kaburi limefyekwa safi, na mawe yamepangwa kandokando. Nikamuuliza Dani nani anafanya hivi. Akasema, "Msichana wako. Akitoka shule, kabla hajaingia ndani kwako."

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Nilikaa chini, nikaweka viganja vyangu juu ya udongo, ulikuwa na joto la jua. Nikasema, "Bwana, nimefika. Nimechelewa, lakini nimefika." Sikuwa na maombi mengine. Dani aliimba wimbo wa Kijaluo kwa sauti ndogo, akasahau maneno, akaendelea na tuni tu. Sisemi huzuni iliondoka. Nitawadanganya nikisema hivyo. Nasema niliweza kupumua, na ni Mungu, si mtu!

Achieng aliporudi kutoka shule alitukuta hapo. Alisimama mbali, mfuko wa vitabu mgongoni, kama mtoto aliyekuta wageni. Nikamwita. Akaja polepole. Nikamuuliza, "Uko darasa gani siku hizi?" Akaniambia. Nikamwomba msamaha, naye akaniegemea, tukakaa mpaka Baba Ouma alipokuja kuuliza kama leo kuna chakula.

Watu wengine wangependa niseme nilikichoma kile kidude. Sikukichoma. Kiko pale, Achieng anaangalia katuni zake, na Baba Ouma ligi. Mazishi ya Ouma bado yako mtandaoni. Siku nyingine mkono wangu unataka kuyatafuta, nami natoka nje naenda kukaa naye. Nalia huko. Namwambia kuku gani ametaga.

Nakushukuru, Bwana Yesu! Nakushukuru kwa ajili ya Dani, uliyemwachia nguvu ya kuinama mara ya pili. Nakushukuru kwa mume ambaye hakunifukuza, na kwa mtoto aliyeningoja.

Na wewe uliye hapa, ambaye mtu wako alizikwa wewe ukiwa mbali, au alizama ziwani na hakuna kaburi la kwenda, usikae na uchungu huo peke yako ndani ya nyumba iliyofungwa. Mtegemee Yesu, hata kama imani uliyobaki nayo ni ya kulia tu. Anaipokea. Ilikuwa ndiyo yangu. Tukimaliza ibada mimi na Dani na Achieng tutakuwa pale nje kwenye kivuli cha ukuta. Njoo ukae nasi. Si lazima useme neno. Amina.