Bi Fumba Macho Awaaga Waongo Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwa ameinamia miguu ya watu, muuguzi wetu wa kliniki ya ganzi ya miguu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake halisi limo kwenye faili huko utawala, na nadhani ndiko lilikobaki. Hapa hospitalini, kuanzia daktari mkuu hadi walinzi wa getini, sote tunamwita Bi Fumba Macho. Wenye haraka husema Bi Fumba.

Jina hilo amelitolea jasho. Mgonjwa akiingia chumba cha mwisho kwenye korido, kabla hajamaliza salamu, ameshaambiwa avue viatu na soksi, alale, afumbe macho. Bi Fumba huchukua kiuzi cha nailoni kilichofungwa kwenye kijiti, akakigusisha kidole gumba, unyayo, kisigino. Ukihisi, sema naam. Usipohisi, nyamaza. Ni kazi rahisi, lakini sijaona mahali watu wazima wanadanganya kama pale. Mtu kisukari kimemharibia mishipa ya fahamu, anakanyaga msumari hana habari, bado anataka kufaulu mtihani! Basi Bi Fumba alikuwa anaweka mikono mfukoni, ametulia tuli, anawasikiliza wakiitikia hewa tupu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chumba changu kiko ukuta kwa ukuta na chake, na vicheko vyake nimevisikia mpaka nimevizoea.

Aliyempiga chenga kwa muda mrefu ni mmoja tu, naye ni wa nyumbani. Huyo ni Kapteni, dereva wa gari la wagonjwa, mume wa mdogo wake Bi Fumba. Kapteni ana kisukari cha siku nyingi, na kila dereva wa namna hiyo lazima apimwe miguu, maana mguu usiohisi hautajua kama umekanyaga breki au mafuta. Kila akipimwa, naam zake zilikuwa hazikosei hata moja. Bi Fumba akawa anamtolea mfano kwa wagonjwa, eti mwigeni shemeji yangu anavyojitunza.

Sasa, Bi Fumba alipenda bangili. Matroni alimkataza kuvaa mapambo kazini, naye akatii kwa mtindo wake: matroni akiingia anazivua, akitoka anazivaa. Alasiri moja, Kapteni akiwa amelala na macho kayafumba, nzi akamjia Bi Fumba usoni. Akainua mkono kumfukuza, bangili zikalia, na Kapteni pale kitandani akasema naam.

Bi Fumba akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akazitikisa tena hewani kusudi. Naam. Akazitikisa mara mbili kwa haraka. Naam, naam. Kumbe bwana mkubwa siku zote alikuwa anapimwa masikio! Akazivua, akaanza upya. Kapteni akalala kimya mpaka mwisho akauliza kama shemeji ameenda kunywa chai. Alipofumbua macho alimkuta ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, unyayoni kuna lengelenge bichi ambalo mwenyewe hakujua lilikotoka. Siku hiyo sikusikia kicheko.

Kapteni aliomba mambo yaishe kifamilia. Udereva ndio uliokuwa heshima yake, akasema, na akitolewa kwenye usukani atakuwa amemwagiwa unga na ndugu yake mwenyewe. Bi Fumba alimjibu maneno machache tu: "Shemeji, nipe funguo. Miguu tutaishughulikia."

Saa hiyohiyo alimwambia daktari. Kapteni akahamishiwa kwenye simu, kazi yake kuwapangia safari madereva wenzake, na akanuna kununa kwelikweli. Kwenye shughuli za familia alikuwa anamwamkia shemeji yake kama anaamkia afisa wa kodi. Bi Fumba naye akampakulia chakula bila sukari, akamkalia hapohapo mpaka akamaliza.

Matibabu yenyewe yalikuwa vituko. Kwanza kushusha sukari, na hapo hakukuwa na mzaha. Vipimo vya damu vikaonyesha pia ana upungufu wa vitamini B12, jambo linaloweza kuletwa na vidonge vya kisukari vikitumika miaka mingi, akaanzishiwa sindano. Kwa ule moto wa nyayo uliokuwa unamnyima usingizi, daktari alimwandikia vidonge; Kapteni akasoma kwamba vinatibu pia kifafa, akavirudisha kwa hasira. Bi Fumba akamweleza kuwa dawa ileile hutuliza mishipa inayopiga kelele, na akamwambia wazi kuwa itapunguza maumivu, haitarudisha hisia. Ikaja krimu ya pilipili, ya kupaka nyayoni kupoza moto huohuo. Aliambiwa avae glavu. Hakuvaa, akapaka, kisha akajifikicha jicho, na mayowe yake yalishinda king'ora cha gari lake. Mimi nilimsimamisha kwa mguu mmoja akishikilia kiti, akiniuliza kama nimemgeuza korongo.

Lakini alifuata. Moto ukapungua, usingizi ukarudi, na mguu wa kushoto ukaanza kuamka. Kapteni akatangaza kwamba safari yake ya kwanza itakuwa kumrudisha Bi Fumba nyumbani siku ya kuagwa. Bi Fumba alilitaka jambo hilo mpaka akaniambia anaogopa kukishika kiuzi.

Wiki iliyopita akakishika, daktari akiwa amesimama mlangoni. Mguu wa kushoto ulifaulu wote. Wa kulia, ambao ndio wa breki, Bi Fumba akagusa chini ya kidole gumba. Kimya. Akangoja. Akagusa kisigino. Kimya. Kapteni akafumbua macho, yamejaa machozi.

"Ningeweza kubahatisha, shemeji," alisema. "Sikutaka kukuaga kwa uongo."

Bi Fumba akainama, akamvisha soksi kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya kuagwa gari litaendeshwa na dereva mwingine, na mashemeji wawili watakaa nyuma. Dereva huyo ameshaonywa kuwa atafundishwa kazi njia nzima.

Bi Fumba, asante kwa kila mguu ulioupigania ukabaki na mwenyewe. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na siku nyingi za kuamka bila kuangalia saa. Kapteni anapimwa tena baada ya miezi sita, na ameandikia utawala kuuliza kama mstaafu anaruhusiwa kuja kumpima. Utawala bado unatafakari. Sisi wa korido hii tumeshamjibu kuwa mlango hatutaufunga.