Kidari cha Mchochea Makaa

Biashara huria ilipoingia Maji ya Chai, Godwin aliipokea kwa mikono miwili: upande mmoja akauza mitumba, upande wa pili kahawa. Benchi lake kando ya lami lilizungukwa na makoti ya Wazungu, na wazee walikunywa kahawa chini ya mikono ya makoti hayo bila wasiwasi wowote. Jumamosi ile gumzo lilikuwa mbuzi. Kesho yake, baada ya ibada, usharika ungewaenzi wazee waliokwenda vita ya Hitla, na kwa watu wa pale nyama haigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kidari kilikuwa cha waliokwenda vitani. Mzee Ebenezer, ambaye kijiwe kilimpachika jina la Kapteni, alikuwa ameomba naye ahesabiwe. Hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Alikuwa raia, kibarua wa kuchochea makaa kwenye meli ya mizigo, mpaka nyambizi ilipoizamisha naye akaokoka akiwa amekumbatia mlango wa mbao wa jikoni. Mwenye kuamua alikuwa Mzee Solomoni, sajenti wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, ambaye sasa alikaa hapo hapo ubavuni mwa Kapteni, akipuliza kahawa bila kumtazama.

— Sikunyimi kwa chuki, mwenzangu, Sajenti alianza. — Lakini ulikuwa na namba?

— Namba ya nini? Kapteni aliuliza.

— Ya jeshi. Mimi hata ukiniamsha usingizini naitaja.

— Sikuwa na namba. Nilikuwa na beleshi.

Bariki alidaka hapo hapo. Huyu naye aliitwa Wakili, tangu alipokwenda mjini kutoa ushahidi wa kesi ya kuku, akaongea mpaka hakimu akaahirisha.

— Umejimaliza mwenyewe, mzee wangu! Mwenye bunduki ni askari. Mwenye beleshi ni mkulima.

— Mkulima wa baharini?

— Wewe ndiye utuambie ulikuwa unalima nini.

— Wakili, acha fiksi, Godwin aliingilia huku akimimina kahawa. — Babu alikuwa utingo wa meli. Lori likibeba chakula cha jeshi, utingo si naye yuko kazini?

— Utingo anapewa utumbo, alisema Sajenti.

Benchi lote likaangua kicheko. Kapteni naye alicheka, maana kununa peke yako kijiweni kunachosha, lakini moyo ulikuwa unamuuma kwelikweli. Hakuwa na njaa ya kidari. Meno yenyewe yalikuwa yameshaaga. Alitaka asimame mbele ya watu, aitwe, ili na wale aliowaacha majini wawe wameitwa. Walikuwa wachochea makaa wenzake, watu wa Tanga na Lindi, na kwa jinsi alivyojua hakuna kanisa wala msikiti uliowahi kuwataja. Hilo hakulisema, kwa sababu aliwafahamu vizuri waliokaa pale.

Wakili alikuwa amepata moto.

— Tena vita lazima iwe na mahali. Sajenti alipigana Bama, na Bama ni nchi. Wewe ulipigwa katika kata gani?

— Bahari ina kata?

— Ndiyo maana nasema hukupigwa! Pasipo na kata, wala tarafa, wala balozi wa nyumba kumi, nani ataandika kwamba kuna kitu kimetokea? Ulipata ajali tu.

— Ajali ya nyambizi?

— Ajali ni ajali, mzee wangu.

— Mnakosea wote, Godwin alisema. — Aliyepigwa ni meli. Kidari ni haki ya meli.

— Meli iko chini ya bahari, alisema Kapteni.

— Basi tukakitupe Ziwa Momela. Maji yote si yanajuana huko chini?

— Viboko watakila, Sajenti alionya.

— Kiboko hali nyama, mzee.

— Akila, Wakili alikata shauri, — naye tutamhesabu kwamba alikuwa upande wetu.

Sajenti aliweka kikombe chini kwa kishindo.

— Basi, yaishe! Keya ni Keya, tulioteseka ni sisi. Nikimkubali wa meli, kesho kutwa atakuja aliyetufulia soksi.

Kapteni alikuwa ameshika fimbo yake aondoke, ndipo Anyesi, mke wa Sajenti, akatokea upande wa kanisani akifuta mikono kwenye kanga.

— Baba Eunike, mbuzi ameshachunwa. Wanauliza kidari kinakatwaje.

— Cha Keya peke yao.

Anyesi alimtazama Kapteni, kisha akamrudia mumewe.

— Na yule bwana wa melini, jina lake nani?

— Bwana yupi?

— Wa safari ya Bama. Si uliniambia ulitapika njia nzima, kichwa hukiinui, yeye akawa anakushikia ndoo na kukulisha uji kama mtoto? Kesho kwenye maombi nataka nimtaje.

Sajenti alikiokota tena kikombe chake.

— Simjui jina, alisema.

— Safari yote ile hukumuuliza?

— Yeye aliniita soja. Mimi nilimwita wewe.

Machozi yalimtoka Kapteni pale pale, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Meli yake nayo ilipopakia askari, aliwashikia ndoo wengi, akawafuta midomo, na hata mmoja hakuwahi kumuuliza anaitwa nani.

— Sasa niwaambie kinakatwaje? Anyesi aliuliza tena, kwa sauti ya chini.

— Kisikatwe, alisema Sajenti. — Mpeni Ebenezer kizima. Sisi atatugawia yeye.

Kapteni alijifuta uso kwa kiganja, akasimama, akamuuliza Anyesi kisu kiko wapi.