Mzee Daftari na Wanafunzi Saba wa Sosholojia

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mzee Daftari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa fundi matofali. Baba yake alikuwa na mkono mwepesi, na mshipi wa nyuma ya mlango haukukaa siku nyingi bila kazi. Alianza shule mwaka 1969. Mwalimu alipomng'oa jino kwa rula akidai amekosea hesabu, alitema damu, akarudia jibu lilelile. Lilikuwa sahihi.

Mwaka 1988 aliajiriwa ofisi ya udahili wa shahada za uzamili, upande wa sayansi ya jamii. Mwaka 1991 alimwoa mpigachapa wa ofisi ya jirani, akamwonya kabisa kwamba mke mkubwa ni daftari la majina ya wanafunzi. Wallahi hakutania. Hakufuta jina la mwanafunzi mpaka asikie kwa kinywa cha mwenyewe kwamba ameacha. Aliyepotea alipigiwa simu hata mara ishirini.

Aliishuhudia sosholojia ikishuka kutoka wanafunzi wapya arobaini na wanane hadi saba, vijana wakikimbilia biashara na kompyuta. Ikatoka amri: idara yenye wanafunzi chini ya saba ifungwe.

Tarehe 14 Oktoba mwaka huu alibandika tangazo mlangoni. Sayansi ya siasa, yenye wanafunzi wanne, imefungwa. Gundi haijakauka, uvumi ukafika bwenini kwamba sosholojia nayo imekufa, na Mzee Daftari ndiye aliyeiua. Hakuna aliyekuja kusoma tangazo. Wanafunzi walivunja mlango kwa mawe. Kijana mmoja aling'oa mguu wa kiti, akampiga kichwani, akampiga tena alipoanguka. Marehemu alililalia daftari kifudifudi mpaka jalada likalowa damu. Ndani alikuwa ameandika: sosholojia, saba.

Alilazwa siku kumi na tisa. Askari walimletea picha za wanafunzi. Akasema hakumwona mtu. Mkewe, aliyeona macho yake yalivyoganda kwenye picha moja, aligeuka mbogo, akamuuliza anamficha muuaji wake kwa nini.

"Huyo ni wa saba, mama watoto," akajibu. "Mkimtoa, wanabaki sita."

Alifariki tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja, mjukuu mmoja, na wanafunzi saba. Wa saba amekaa mstari wa mwisho. Mjane hajamsamehe, wala hataki aguswe. Ameagiza tu asomewe hapa, mbele ya jeneza, kwamba shahada hiyo ataimaliza.

Marehemu apumzike kwa amani. Kijana asipumzike mpaka amalize.